Mstari Nyuma ya Kabati

Maji yalipoondoka, mtaa ule ulibaki na vitu viwili kwa wingi: tope na maneno. Tope lilimalizwa kwa majembe, mafagio na migongo ya watu, wiki tatu mfululizo. Maneno hayakumalizwa na kitu. Kila yalipochotwa yalijaa tena, na kila yalipojaa yalipanda kidogo.

Siku ya kwanza, pale kwenye madarasa ya shule walikokimbilia, kila mtu alisema maji yalimfika kiunoni. Siku ya tatu yalikuwa kifuani. Wiki ilipoisha mtaa mzima ulikuwa umezama hadi puani, na mwezi ulipokatika hapakuwa na mtu mwenye heshima zake aliyekubali kwamba maji ya nyumbani kwake yaliishia chini ya dari. Kusema "yalinifika magotini" kulikuwa sawa na kutangaza kwamba kulikuwa na karamu na wewe hukualikwa.

Kinyozi, ambaye saluni yake ndiyo nyumba ya kwanza pale juu mtaa unapoanza, alisimulia kwamba maji yalimnyanyua yeye na kiti chake cha kunyolea, yakamzungusha mle ndani kama nzi aliyeingia kwenye kikombe, na kwa kuwa mteja alikuwa amebakiza nusu ya kichwa, alimmalizia huku wote wawili wakielea. Fundi cherehani wa nyumba ya nne, mwanamke ambaye akinong'ona anasikika hadi barabara kubwa, alidai mashine yake ilishona yenyewe chini ya maji. Alipoifikia alikuta suruali imekamilika, imebaki vifungo tu.

Lakini bingwa wao alikuwa fundi rangi wa nyumba ya kumi na moja. Huyu alifungua kioo cha taa ya sebuleni kwake, ile ya mviringo inayoning'inia darini, akakuta samaki anazunguka ndani. Alimwacha humo siku mbili, alisema, kwa sababu hakuwa na pengine pa kumweka, na vilevile samaki alishazoea.

Jina lake la utani lilikuwa Mkono wa Pili. Mafundi rangi wanaita mpako mmoja mkono: mkono wa kwanza unafunika, wa pili unang'arisha. Yeye kila alipomaliza kazi alifuta brashi kwa kitambaa, akasimama mlangoni na kumwambia mwenye nyumba, "Na mkono wa pili nimeshapiga." Miaka thelathini na minane alisema hivyo na watu wakamwamini, maana ukuta wowote uliokuwa ukionekana ulikuwa kweli umepigwa mikono miwili, hauna mchirizi wala kovu. Habari ya kuta zisizoonekana ilikuwa siri yake na Mola wake.

Baada ya mafuriko yale watu wa misaada walileta blanketi, ndoo, dawa za kusafisha maji na, kwa sababu ambayo hadi leo hakuna anayeijua, madumu arobaini ya rangi nyeupe. Nyumba zilikuwa kumi na tisa. Wanawake walisugua kuta kwa sabuni na mchanga, ndani na nje, kila mmoja akichungulia kwa jirani aone kama amepitwa. Kisha Mkono wa Pili akaingia na brashi zake. Kwa siku kumi na mbili alitembea mtaani akiwa mweupe hadi kwenye nyusi, na alipotoka mtaa ulikuwa umeng'aa kiasi cha mtu mgeni kukunja macho. Mtu angepita pale asingeamini kwamba mto ule, ambao siku za kawaida kuku anauvuka bila kulowesha magoti, uliwahi kuingia ndani ya nyumba za watu.

Na hilo ndilo lililowaponza.

Alikuja msichana mmoja na gari la ofisi, saa tatu asubuhi. Alikuwa amevaa buti za mpira, ana ubao wa kuandikia, na kalamu ameifunga kwa uzi shingoni. Akasema yeye ni mpimaji, ametumwa kuandika maji yalifika wapi kila nyumba, na gari lake linarudi saa kumi kamili.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba, binti," kinyozi akamjibu. "Kaa kwenye kiti cha kunyolea, ndicho kisicho na misumari. Umekuja mahali penyewe. Sisi hapa tumeona mambo."

Watu wakajaa saluni. Waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani.

"Nianze na wewe, baba. Maji yalifika wapi?"

"Andika dari."

"Dari iko mita ngapi?"

"Mbili na nusu. Na juu ya dari yalikuwepo pia, ila sikupanda kupima."

Mpimaji akaandika. Alikuwa mtu wa kuandika anachoambiwa bila hata kuinua nyusi, na jambo hilo liliwapa watu moyo sana.

"Mimi weka tatu," akasema fundi cherehani.

"Nyumba yako ina kimo cha mita tatu?"

"Ilikuwa nacho. Ilididimia kidogo."

Zamu ya Mkono wa Pili ilipofika watu walinyamaza, maana walijua kinachokuja ni kizuri. Akatoa habari ya samaki yote, na safari hii samaki alikuwa na mwenzake.

"Samaki niandike?" mpimaji akauliza.

"Mwandike. Aina yake iache wazi, sikupata nafasi ya kumwuliza."

Alibaki Bibi wa Mwisho. Aliitwa hivyo kwa sababu nyumba yake ndiyo ya mwisho kule chini, ukitoka mlango wa nyuma uko mtoni. Alikuwa mfupi kiasi kwamba akikaa kwenye kiti cha kawaida miguu yake inacheza hewani.

"Na wewe, bibi?"

"Yaliingia," akasema.

"Yalifika wapi?"

"Dari," kinyozi akamjibia. "Sisi wote dari. Andika tu, binti, usimchoshe."

Bibi wa Mwisho akamtazama kinyozi, akajifunga mtandio wake upya, basi.

Mpimaji akapiga mstari chini ya karatasi. "Nawashukuru. Kumbe hali ni mbaya kuliko tulivyodhani ofisini."

Watu wakatikisa vichwa kwa kuridhika, kama waliokabidhiwa kombe.

"Kwa hiyo mtahama," akaendelea.

Kinyozi alikuwa ameshika kitana. Kilibaki hapo hapo, hewani.

Mpimaji akawasomea. Mtaa ambao maji yamepita mita moja na nusu ndani ya nyumba, hata ikiwa nyumba moja tu, hautakaliwa tena na watu. Wenyeji watapelekwa ule uwanda ng'ambo ya kilima. Uwanda huo wote waliujua. Hata mbuzi alikuwa haendi kule mpaka awe amefukuzwa na wenzake.

"Ngoja kwanza," akasema fundi cherehani, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikatoka ndogo. "Ile tatu yangu, unaweza kuipunguza?"

"Hata yangu," akadakia kinyozi. "Unajua mtu akiwa na hofu anaona vitu virefu."

"Siwezi kufuta kwa maneno nilichoandika kwa maneno," mpimaji akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mtaa wa kule juu nilikotoka, kila nyumba ina mstari wa tope ukutani. Nimeupima kwa tepu, nikaandika. Wa kwenu uko wapi? Nionyesheni, nitaandika nitakachoona."

Watu wakatazamana, wakatazama kuta. Nyeupe. Wakatoka nje. Nyeupe.

"Nani amepaka hivi?"

Siku nyingine yoyote Mkono wa Pili angejibu kabla swali halijaisha. Siku hiyo ilibidi vidole vya watu vimwoneshe, na yeye mwenyewe akageuka nyuma kuangalia kama kuna mtu mwingine wanayemsonta.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. "Binti," akasema, "na kabati la baba?"

"Mtahama na vyombo vyenu vyote, mama."

"Hilo halitoki mlangoni."

Hapo ndipo mpimaji alipoelezwa habari ya makabati. Babake mke wa Mkono wa Pili alikuwa seremala wa mtaa ule, na alikuwa na mtindo wake: kabati hakulijengea karakanani. Alibeba mbao, akaingia nazo chumbani kwako, akakaa humo wiki mbili anakula chakula chako, na akitoka ameacha kabati la mti mgumu, pana kuliko mlango, refu hadi karibu na dari. Alipenda kusema mwizi wa kabati lake itabidi aibe nyumba. Kila nyumba ilikuwa nalo moja. Mafuriko yalisomba magodoro, majiko, viatu na picha za watu, lakini makabati yale yalivimba tu, yakagoma pale pale yalipo. Hakuna aliyeweza kuyatoa nje kuyaanika. Waliyafungua milango, wakayaachia jua la dirishani liyahangaikie.

Mpimaji alisikiliza yote, akatazama saa. Ilikuwa saa tano na nusu. "Mimi nipo hapa hadi saa kumi," akasema.

Mkono wa Pili alimkuta mkewe nyumbani, ameweka kiganja kwenye ubavu wa kabati kama mtu anayempima mgonjwa homa.

"Nilikuwa hapa hapa," mkewe akasema, "nachezea maranda, yeye anapiga randa. Nilikuwa na miaka sita. Sasa niliache humu, lije lioze peke yake."

"Mke wangu, kaa chini."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na sina muda huo."

"Basi sikiliza ukiwa umesimama. Nyuma ya hilo kabati hakuna rangi."

Mkewe akageuka taratibu. "Hukupiga mkono wa pili?"

"Hata wa kwanza."

"Nyuma ya kabati la baba."

"Mgongo ulikuwa unauma."

"Na kwa kinyozi?"

"Huko nako uliuma."

"Kwa fundi cherehani?"

"Mke wangu, mgongo ninao huu mmoja. Ndio niliozunguka nao mtaa mzima."

Mkewe akakaa. "Na kabla ya mafuriko? Miaka yote ile?"

"Miaka ile mgongo ulikuwa bado mzima," akakiri. "Ule ulikuwa uvivu."

Nje jirani alikuwa anapiga nyundo, akaacha. Mkono wa Pili aliiona hesabu nzima mbele yake, wala haikuwa ndefu. Akinyamaza, jina lake linabaki safi, na jina hilo safi atakwenda nalo uwandani kwa mbuzi, kando ya mwanamke atakayekuwa analia kila akiona ubao. Akisema, mtaa unaweza kubaki mahali pake, ila yeye ndani ya mtaa huo hatauza tena hata mpako wa mlango wa choo.

"Kwa hiyo ule mstari bado upo," mkewe akasema.

"Kama mende hawajaula."

"Nenda kawaambie."

"Wataniua."

"Wakuue haraka, basi. Gari linaondoka saa kumi."

Walimkuta kila mtu bado yuko nje ya saluni, ameduwaa. Mkono wa Pili akapanda ngazi tatu za kinyozi, akakohoa.

"Jamani, katika kazi yetu sisi kuna ufundi fulani wa zamani, ambao wengi wa siku hizi hawaujui, wa kuuachia ukuta sehemu ya kupumulia..."

Mkewe naye akakohoa, tena kikohozi kizito kuliko cha mumewe.

"Sikupaka nyuma ya makabati," akasema Mkono wa Pili.

"Ya nani?" kinyozi akauliza.

"Yenu."

"Kwangu ulisema umepiga mikono mitatu," akasema fundi cherehani. "Ulisema hapa shemeji nimekuongezea."

"Nilisema."

"Nikakupa chai."

"Ulinipa, na ilikuwa nzuri."

"Na mimi," akasema mwingine kutoka nyuma, "ulikaa chumbani kwangu mlango umefungwa, nikasikia mtu anahema kama anasukuma gari."

"Nilikuwa nimekaa kwenye dumu, napumzika."

Kinyozi alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Huyu bwana anao uongo wa aina mbili," akasema, "wa kusimulia na wa kupaka. Wa kusimulia mimi namshinda."

Lakini mpimaji alikuwa ameshasimama, buti zimeshaanza kutembea. "Nyuma ya makabati mstari upo?" akauliza. "Yote kumi na tisa?"

Waliokuwa wanatafuta kitu cha kumrushia Mkono wa Pili wakasita. Jambo likawaingia, mmoja baada ya mwingine, usoni unaona linavyoingia.

Walianza pale pale saluni. Mti mgumu uliovimba hausukumwi kwa matusi, ingawa yalijaribiwa. Mkono wa Pili ndiye aliyejua la kufanya, kwa kuwa mtu aliyekwepa kazi miaka yote hiyo huwa ameifikiria sana. Akaagiza mtaimbo na mche wa sabuni. Wakanyanyua kabati kidogo mguu mmoja mmoja, wakapachika kipande cha sabuni chini yake, wakamwaga maji sakafuni, kisha watu sita wakaegemea. Kabati likalia kama ng'ombe, likatoka ukutani hatua moja.

Mpimaji akamulika tochi. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa kijivu, una utando wa buibui, na chini kulikuwa na mstari. Wa kahawia, umenyooka kama umepigwa rula, umeshikilia nyasi kavu na mdudu mmoja mweusi aliyegandia hapo miguu juu. Mstari wa namna hiyo hakuna binadamu angeweza kuuchora akauweka na mdudu.

Akapiga magoti, akavuta tepu. "Thelathini na nane."

"Thelathini na nane nini?" kinyozi akauliza.

"Sentimita, baba."

Kinyozi akautazama mguu wake. Mstari ulimkata chini ya goti, tena mbali na goti.

"Ndiyo yale yaliyokunyanyua na kiti?" akauliza fundi cherehani.

"Kiti changu ni chepesi."

Watu wakacheka mpaka wakajifuta macho. Kisha kinyozi akainama akagusa rafu ya chini kabisa ya kabati, iliyokuwa tupu. "Mashine za kunyolea zote nilikuwa naziweka hapa," akasema. "Na mataulo. Na ule mkoba wa vyeti." Hakuwa anamwambia mtu. Kicheko kikapungua chenyewe, na mtu mmoja akasema, "Basi yalitosha, ndugu yangu," na wakaenda nyumba ya pili.

Mtaa ule unateremka kuelekea mtoni, na maji hayateremki na mtaa, yenyewe yanakaa sawa. Kwa hiyo kila nyumba waliyoshukia, mstari ulikuwa umepanda. Kwa fundi cherehani ulikuwa sentimita hamsini na tano, ukanyagio wa mashine ulizama, mashine yenyewe haikuguswa. Alipoulizwa habari ya ile suruali alisema aliishona mwenyewe lakini kwa haraka sana. Nyumba ya saba, sabini na nne. Wakati huo walishakuwa wazoefu: mmoja ananyanyua, mwingine anapachika sabuni, wa tatu anaimba ili wasukume kwa pamoja, na fundi cherehani anawaambia wote wanakosea. Mtu angewaona kwa mbali angedhani wanahamia nyumba mpya.

Kwa Mkono wa Pili ilikuwa tisini na tisa. Mkewe alipitisha kidole kwenye ule ukuta wa kijivu, akakitazama kidole, akamtazama mumewe. Neno lake aliliweka akiba ya jioni.

Nyumba ya kumi na tano, mita moja na ishirini. Ya kumi na saba, mita moja na thelathini na mbili. Hapo nyimbo zikakoma. Kinyozi alianza kuhesabu kwa vidole, akafika kidole fulani akauficha mkono mfukoni. Saa ilikuwa tisa na robo.

Bibi wa Mwisho alikuwa amekaa mlangoni kwake juu ya kigoda, kuku wake mwekundu amejikunja pembeni. "Karibuni," akasema. "Panguseni miguu."

Kabati lake lilikuwa refu kuliko yote, lenye droo sita mbele. Walilisukuma bila kelele. Lilipotoka, mpimaji hakupiga magoti. Alisimama wima akanyoosha mkono, akapima. Akapima tena.

"Mita moja na arobaini na sita."

"Na nusu ni hamsini," akasema fundi cherehani, polepole, kama anayemsaidia mtoto.

"Ni hamsini."

"Basi zimebaki nne."

"Zimebaki nne, mama."

Mtu mmoja akakaa sakafuni pale alipokuwa. Mke wa Mkono wa Pili alishika droo ya kabati kwa mikono yote miwili na safari hii akalia, kwa kuwa sasa muda alikuwa nao. Kinyozi aliinua mikono apige makofi. Ndipo alipomwona Bibi wa Mwisho ameingia na kusimama kando ya ukuta, anautazama mstari. Mstari ulipita juu ya mtandio wake, vidole viwili juu.

Mikono ya kinyozi ikashuka.

"Bibi," akasema, "siku ile si ulikuwa kwa mpwa wako? Tulipokimbilia barabarani tuliambiana uko kwa mpwa wako."

"Mpwa wangu alikuwa amesafiri."

"Ulikuwa wapi?"

Bibi akaonesha kwa kidevu, juu kabisa ya kabati. "Pale. Mimi na kuku."

Wote wakaangalia juu. Kati ya kabati na dari palikuwa na nafasi ya kuingiza begi la safari.

"Nilivuta hizi droo nikazipanda kama ngazi," Bibi akasema. "Maji nayo yakawa yanapanda nyuma yangu. Yalifika droo ya pili kutoka juu, yakasimama."

"Mpaka saa ngapi?"

"Mpaka yalipochoka."

"Halikutikisika?" akauliza mke wa Mkono wa Pili.

"Halikutikisika, mwanangu. Vitu vyote humu vilikuwa vinaogelea isipokuwa kabati na mimi. Baba yako tuligombana sana wiki mbili zile, anakula kama watu watatu. Siku ile nilimsamehe."

Mkono wa Pili aliwaza habari ya yule samaki wake, na mwenzake. Alitamani wasingekuwa wamezaliwa. "Bibi," akasema, "wiki zote hizi, mbona hukusema?"

"Mlikuwa mnaongea."

Alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayesema kwamba mlangoni palikuwa na foleni. Kinyozi alitafuta kiti mle ndani, akakosa, akaenda mwenyewe kukileta kigoda mlangoni, akamwekea.

Mpimaji akaanza kuzifuta karatasi za asubuhi moja moja, akiandika mpya. Mtabaki, aliwaambia. Utachimbwa mtaro mkubwa kule chini, na kila nyumba iweke vitu vyake vya maana juu ya mstari, si chini yake. Alipofika kwenye karatasi ya nyumba ya kumi na moja akasita.

"Mzee, samaki nimfute?"

"Mfute," akasema Mkono wa Pili. "Na mwenzake."

Gari likaondoka saa kumi na dakika tano. Mtaa ukabaki na makabati kumi na tisa katikati ya vyumba, na mtu mmoja anayetazamwa na kila jicho.

"Usiku huu tutalala tumelizunguka kabati kama moto," akasema fundi cherehani. "Madumu yamebaki sita. Anza."

"Nianzie wapi?"

Hilo halikuhitaji kikao. Kinyozi, ambaye hakuombwa, alikuwa ameshabeba dumu na anateremka nalo kwenda nyumba ya mwisho. Wengine wakamfuata, wakisema wanakwenda kusaidia kusukuma, ingawa hapakuwa na cha kusukuma. Waliingia, wakapangusa miguu, wakakaa sakafuni, mlangoni, kwenye kingo za dirisha. Bibi wa Mwisho alikuwa kwenye kigoda chake, kuku mapajani. Alianza na sufuria iliyokuwa jikoni siku ile, akaeleza ilikuwa imefikia wapi kuchemka, na mtu hakumharakisha.

Mkono wa Pili alipaka akianzia juu, taratibu, akishuka. Mgongo ulimuuma kwelikweli safari hii, na hakumwambia mtu. Alipofika kwenye mstari, brashi ikasimama.

"Bibi, samahani nakukatiza. Hapa nipaache?"

Bibi akautazama ukuta kidogo.

"Paka. Mimi naujua ulipo."

Akachovya brashi, akapitisha. Nyuma yake mle chumbani palikuwa kimya kabisa, na katika kimya hicho sauti ya kinyozi ikasema, "Endelea, bibi. Umeshafika droo ya tatu. Kuku akafanyaje?"